Mirija Iliyoishiwa Hewa

Mume wangu analipwa mshahara kwa kupima jinsi tope linavyopumua. Nikilisema hilo mbele za watu, kwanza wanacheka, halafu wananitazama kwa huruma, halafu mmoja wao anauliza kama kweli mtu anaweza kulishwa na kazi kama hiyo. Anaweza. Hashibi sana, lakini analishwa. Tope halina haraka, na mume wangu hana haraka, kwa hiyo miaka yote hii wameelewana vizuri kuliko mimi na yeye.

Kazini kwao wanamwita Taratibu. Hawakumpa jina hilo kwa dhihaka, ingawa dhihaka imo. Kazi yake inaanzia kwenye boti. Anateremsha mrija mrefu wa plastiki, ule unaoonyesha mpaka ndani, hadi chini ya ziwa, anaukita kwenye tope, anauziba, kisha anaupandisha ukiwa na tope nusu na maji nusu, vimekaa vilevile vilivyokuwa kule chini. Akiuvuta kwa pupa, ile ngozi laini ya juu ya tope inavurugika, maji yanageuka rangi ya chai, na kazi ya siku nzima imekwenda bure. Kwa hiyo anavuta taratibu. Ubaya ni kwamba hajui namna ya kuiacha tabia hiyo ziwani. Anafunga mlango taratibu, anakunja shati taratibu, anajibu swali taratibu. Nikimuuliza asubuhi kama anataka mayai, jibu linaweza kunikuta nimeshafika kazini kwangu, kwenye duka la dawa.

Alipokuja kunichumbia, marehemu baba alimuuliza anafanya kazi gani. Mwanamume mwingine angesema yuko kituo cha utafiti, akanyamaza, heshima ikabaki mahali pake. Yeye akajiweka sawa kwenye kiti na kueleza yote.

"Mzee, chini ya ziwa kuna tope, na ndani ya tope kuna vijidudu wengi kuliko watu wote duniani. Kila kinachokufa huko juu kinashuka chini. Majani, wadudu, kinyesi cha samaki, vyote. Wale vijidudu wanakula, na wakila wanahitaji oksijeni kama sisi. Wanaipata kwenye maji yaliyo juu yao. Chakula kikiwa kingi chini, tope linavuta oksijeni nyingi, na maji ya chini yanabaki matupu. Samaki akinaswa kwenye maji ya namna hiyo anakosa pumzi humohumo majini, kama mtu aliyefungiwa kabatini."

Mama aliposikia neno kinyesi aliondoka kwenda kuangalia maji ya chai. Baba alifikiri kidogo.

"Kwa hiyo wewe unafanya kazi ya tope," akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Sawa. Angalau halitakwisha."

Ndivyo nilivyoolewa.

Siku za mwanzo wa ndoa, nilipokuwa bado na moyo huo, nilikuwa nikimpelekea chakula cha mchana maabara. Ni chumba kimoja kirefu chenye madirisha yaliyozibwa kwa karatasi nyeusi, maana mwangaza ukiingia, vimea vya kijani vilivyo majini vinaanza kutengeneza oksijeni na kuvuruga hesabu. Ndani yake kuna beseni kubwa la maji yenye baridi ileile ya ziwa, na ndani ya beseni mirija imesimama imejipanga, kila mmoja na kizibo chake cha mpira, kila mmoja na kisumaku kidogo kinachozunguka polepole kuyatembeza maji bila kuligusa tope. Anapima oksijeni iliyomo siku ya kwanza. Kesho yake anapima tena. Kilichopungua ndicho tope lilichokula. Kazi ni hiyo tu, na anaifanya kana kwamba mirija imelala na yeye hataki kuiamsha.

Kuna kanuni moja aliyonifundisha mwenyewe, akiwa na furaha ya mtu anayemwonyesha mkewe chombo cha thamani. Mrija ambao kesho yake unakutwa hauna oksijeni hata chembe hauhesabiwi. Sababu yake ina akili: hewa ikishakwisha yote, huwezi kujua ilikwisha saa ngapi, kwa hiyo huwezi kusema tope lilikuwa linakula kwa kasi gani. Utakuwa unakisia, na mume wangu hakisii. "Huu umeharibika," anasema, anaunyanyua kwa mikono miwili, anaupeleka kwenye sinki na kuumwaga. Kisha anausugua kwa brashi mpaka unang'aa. Anaandika wastani wa ile iliyobaki. Mimi niliona ni usafi tu wa kazi. Hata mimi mkate ukiungua siupeleki mezani.

Sasa nimlete mdogo wangu, maana bila yeye haya yote yangebaki habari za mtu na beseni lake.

Mdogo wangu alikuwa fundi cherehani, na fundi hodari, lakini alichoshwa na wateja wanaonenepa kisha wanailaumu nguo. Siku moja akatangaza kwamba anaacha. Samaki, alisema, hata akinenepa haji kulalamika, na kunenepa kwake ndiyo faida yenyewe. Akauza vyerehani vyote, na meza ya kukatia, na mkasi. Mimi nikatia kidogo nilichokuwa nacho. Tukanunua nyavu, mapipa ya kuelea na vifaranga vya samaki, tukatengeneza vizimba, viwili vyake na viwili vyangu, tukavifunga nanga kwenye ghuba ya ndani ambako upepo haufiki na maji yametulia kama kwenye glasi. Tofauti yetu ilikuwa moja. Samaki wangu wakifa, mimi nitaumia, kesho nitarudi kuhesabu vidonge. Wake wakifa, hana pa kurudi. Ana watoto wawili shuleni na mume aliyeondoka kwenda kununua betri ya redio, na mpaka leo hatujui kama aliipata.

Mavuno ya kwanza yalitufurahisha mno. Kabla ya kuweka vifaranga wa awamu ya pili na kuongeza vizimba, mdogo wangu akaona tufanye mambo kisomi. Tuna mtaalamu ndani ya nyumba, alisema, kwa nini tuishi kwa kubahatisha? Tukapeleka ombi kituoni, kwa njia zote halali, ili asije mtu akasema tumependelewa. Mkuu wa kituo akampa kazi hiyo mume wangu, kwa kuwa hakuna mwingine anayeiweza.

Akaenda, akavuta mirija yake chini ya vizimba vyetu, tope jeusi lenye harufu ya yai viza. Kesho yake jioni alirudi nyumbani amenuna.

"Mingi imeharibika," akasema.

"Imeharibikaje?"

"Oksijeni imekwisha. Nadhani ni vizibo. Wametuletea mpira mbovu."

Akaomba vizibo vipya, akavisubiri, akarudi kupima. Mingi ikaharibika tena. Akaisugua mirija yote, akailaumu sumaku, akalilaumu beseni, akamlaumu fundi umeme. Lakini kila safari ulipona mrija mmoja au miwili, ile iliyoangukia kwenye mchanga kando ya vizimba, na namba zake zilikuwa nzuri, zimepangana, zinapendeza macho. Kwa kanuni, hizo ndizo zilizohesabiwa. Karatasi ikatoka na muhuri wake: tope la ghuba ya ndani linatumia oksijeni kwa kiwango cha kawaida. Mkuu wa kituo akatia sahihi, mume wangu akatia sahihi, na mdogo wangu akaipeleka ikavikwe plastiki. Akaitundika kwenye kibanda chake cha kuhifadhia chakula cha samaki, juu ya kiti chake, mahali ambapo wengine huweka picha ya harusi.

Habari ikaenea. Watu waliokuwa wakisitasita wakaja kuisoma ile karatasi kwa macho yao, wakarudi na nyavu. Upande wa pili wa ghuba kukaota vizimba kama uyoga. Mdogo wangu akawa mtu wa kuulizwa mambo, akaanza hata kutembea tofauti. Mume wangu naye alisalimiwa barabarani na watu asiowajua, jambo ambalo lilimtia wasiwasi kwa sababu kila salamu aliona inahitaji jibu lililofikiriwa.

Kisha ikaja Jumapili moja, tunakula mchana. Wiki hiyo alikuwa amepima ghuba nyingine, ya mbali, yenye mawe na maji safi, ambako hakuna mfugaji hata mmoja. Mirija yote ilipona. Alikuwa amefurahi tangu Ijumaa, na alikuwa akinisimulia jinsi namba zilivyokuja karibu sawa na za kwetu. Nikamwona anashika kijiko hewani, hakipeleki mdomoni wala hakirudishi.

"Haiwezekani," akasema.

"Chumvi imezidi?"

"Kule hakuna kitu kinachoanguka chini. Kwenu kila siku mnamwaga chakula, na samaki wanajisaidia. Tope la kwenu lina karamu. Linawezaje kula sawa na lile?"

Akaweka kijiko chini. Uso wake ukabadilika, na nakwambia nilimwonea huruma kabla hata sijajua kwa nini.

"Nimeimwaga," akasema.

"Umemwaga nini?"

"Ile mirija. Haikuharibika. Vizibo vilikuwa vizima, sumaku ilikuwa nzima. Tope lilikula hewa yote kabla ya asubuhi. Linakula kuliko tope lolote nililowahi kuliona, na mimi kila likinionyesha nalimwaga kwenye sinki. Nimehesabu mchanga."

Kwa miaka yote, mirija iliyopiga kelele zaidi ndiyo aliyoitoa nje ya hesabu. Mtu mwingine asingeweza kukosea namna hiyo. Mzembe angeacha mrija mmoja mchafu na kuuandika hivyohivyo, na kwa uzembe wake angeokoa ghuba nzima. Ilihitaji mtu safi kama mume wangu.

Akanieleza hatari yenyewe, na kwa mara ya kwanza hakuwa taratibu. Kwa sasa, alisema, jua linapasha maji ya juu, nayo mepesi yanaelea juu ya yale ya chini, hayachanganyiki. Maji yasiyo na hewa yamelala chini na samaki wako juu, hawajuani. Lakini msimu wa baridi ukija na upepo, maji ya juu yatapoa, yatakuwa mazito, yatashuka, na yale ya chini yatapanda pamoja na uchafu wake unaomeza hata ile hewa kidogo iliyobaki. Siku hiyo samaki walio ndani ya wavu hawatakuwa na pa kukimbilia.

Hatukumaliza kula. Tulikwenda moja kwa moja kwa mdogo wangu. Tulimkuta kibandani, amekaa chini ya karatasi yake, anachekecha chakula cha samaki. Sasa ngoja nikueleze jinsi mtaalamu wangu alivyoanza.

"Shemeji, samahani kwa usumbufu."

"Karibu shemeji, usumbufu gani tena? Dada, kaa hapo kwenye gunia."

"Ni kuhusu ile karatasi. Upo uwezekano kwamba ina kasoro."

"Kasoro gani? Muhuri?"

"Muhuri uko sawa. Namba. Kuna mirija ambayo, kwa kufuata kanuni, haikuingizwa. Ingeingizwa, wastani ungebadilika. Kwa hiyo ingekuwa vyema, kama itawezekana, vizimba vihamishiwe kwenye maji ya nje."

Mdogo wangu akaacha kuchekecha. "Shemeji, nani alipima?"

"Mimi."

"Nani alitia sahihi?"

"Mimi. Na mkuu wa kituo."

"Umewahi kukosea kazini hata siku moja?"

Mjinga huyu akafikiri! Badala ya kusema ndiyo, nimekosea, niokoe samaki wako, akatazama juu na kutafuta kwenye kumbukumbu zake kwa uaminifu wote.

"Sikumbuki," akasema.

"Basi. Mtu ambaye hajawahi kukosea anakuja kuniambia amekosea. Nimwamini yupi, wa siku ile mwenye muhuri, au wa leo mwenye mkono mtupu?"

"Mdogo wangu," nikaingilia, "hamisha. Mimi nahamisha vyangu."

"Wewe ni mkewe, dada, lazima umwamini. Mimi nje kule nyavu zitachanika, na nikipoteza samaki hawa watoto wangu watakula nini? Watakula uwezekano?"

Nilimsukuma mume wangu ubavuni aseme jambo. Alisema kwamba anaelewa wasiwasi wake. Tukaondoka.

Vizimba vyangu nilivihamisha wiki ileile, nikavikokota kwa boti ya kukodi hadi nje ambako mawimbi hayana adabu. Na hapo nikaonja joto ya jiwe. Nyavu zilichanika, tukazishona, zikachanika. Samaki walikuwa wakipigana na maji kutwa nzima na hawakunenepa. Kule ndani, samaki wa mdogo wangu walijaa mpaka migongo ikapanuka. Wiki zikapita, hakuna kilichotokea. Watu wa upande wa pili wakaanza kunitania kwamba samaki wangu wanafanya mazoezi. Mdogo wangu hakunicheka, alininyamazia tu kwa upole, na upole wake uliniuma kuliko kicheko. Ipo siku nilimwambia mume wangu kwamba kama ghuba haitaoza upesi, nitaonekana mwehu. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu huu.

Baridi ilikuja na upepo wa siku mbili mfululizo. Siku ya tatu, alfajiri, simu ikalia.

"Dada," akasema mdogo wangu, na sauti yake ilikuwa ndogo kama ya mtoto. "Samaki wangu wamepanda juu wote. Wanafungua midomo. Wananiangalia."

Tulipofika, maji yalikuwa ya rangi ya majivu na harufu ya yai viza imetanda mpaka barabarani. Wachache walikuwa bado wanahema juu ya maji. Waliobaki walikuwa wamegeuka, matumbo meupe yamebanana ndani ya wavu, makubwa, ya kuvutia, tayari kwa soko la juma lililofuata. Mume wangu akafungua mkoba wake, akatoa kipimo, akaanza kukiteremsha majini.

"Weka hicho kitu chini," nikamwambia huku nimeuma meno.

Akakiweka.

Mdogo wangu alikuwa amesimama ndani ya maji hadi kiunoni, ameshika ukingo wa kizimba. Hakulia. Nilitamani alie. Nilimtazama na nikaona aibu kwamba mimi nina samaki, wembamba, wachovu, lakini hai. Mume wangu akashuka majini na viatu vyake, akasimama karibu naye.

"Shemeji," akasema, "nilikuambia nimekosea."

"Hapana," akajibu, bila kugeuka. "Hukuniambia. Uliniomba radhi. Mtu anayejua kwamba nyumba inaungua hasemi ingekuwa vyema kama itawezekana. Ungejua kweli ungenivuta nywele."

Mimi nilikuwa na jibu, kwamba ulionywa, kwamba mimi nilihamisha, na nashukuru sikulitoa.

Upande wa pili wa ghuba samaki walihema asubuhi ile kisha wakapona. Vizimba vyao vilikuwa vipya, chini yake tope lilikuwa bado halijarundikiwa chakula. Wenyewe walipata maelezo mengine: mdogo wangu alinunua chakula kibovu, au ana mtu asiyemtakia mema. Nao walikuwa na nakala za ile karatasi. Walimwaga chakula kama kawaida, na msimu wa upepo ndiyo kwanza ulikuwa unaanza.

Mume wangu akaenda kwa mkuu wa kituo kuomba karatasi ifutwe. Alinisimulia baadaye, na naamini kila neno, kwa sababu hajui kutia chumvi. Mkuu alimkaribisha chai. Akampongeza kwa uvumbuzi wake, akasema ni mchango mkubwa kwa sayansi ya tope, na kwamba vifo vya samaki vimekuja wakati mwafaka kuuthibitisha. Kuhusu kufuta, akasema, hapo tuwe waangalifu. Tukifuta karatasi moja, watu watauliza kuhusu nyingine zote.

"Waulize," akasema mume wangu.

Mkuu akasema ataunda kamati. Kamati ingekaa, ingeandika mapendekezo, mapendekezo yangepelekwa juu, na pengine kabla ya msimu wa upepo wa mwaka ujao wafugaji wangepewa mwongozo. Mume wangu alimaliza chai yake, maana kuiacha si adabu, akatoka, akaomba likizo. Kesho yake tukakodi mtumbwi. Mimi nilishika kasia kwa kuwa yeye akipiga makasia mtumbwi unazunguka.

Tulianza na kizimba cha karibu. "Samahani kwa usumbufu," akamwambia mwenyewe, na mimi nikafumba macho. Akaeleza kuhusu mirija, kuhusu wastani, kuhusu kilichoingizwa na kisichoingizwa. Yule bwana alisikiliza kwa adabu, akamshukuru, akaendelea kumwaga chakula. Cha pili, vilevile. Cha tatu walitupatia samaki wawili wa kitoweo na kututakia siku njema. Nilikuwa nimevimba kwa hasira, na nisingeweza kukuambia namkasirikia nani.

Tukipita karibu na ufuo wetu, nikamwona mdogo wangu. Alikuwa anakung'uta nyavu zake tupu. Alitutazama tunavyokwenda kutoka kizimba hadi kizimba, akaelewa tunachofanya na jinsi tunavyokifanya vibaya. Akaacha nyavu, akaingia majini, akashika ubavu wa mtumbwi na kupanda bila kutuuliza. Nguo zilikuwa zinamchuruzika. Hakuwa amesema na mume wangu tangu asubuhi ile.

"Shemeji," akamwambia, "nenda kasimame mbele."

"Mtumbwi utayumba."

"Acha uyumbe."

Akasimama. Tulikuwa tumefika kwenye vizimba vikubwa kuliko vyote, vya bwana mmoja mnene aliyekuwa juu ya mapipa yake na mkewe, wanakaza kamba. Mume wangu akafungua mdomo, na nikaliona lile neno samahani linakuja.

"Usiwaeleze," mdogo wangu akasema nyuma yake. "Waambie. Kama ambavyo ungeniambia mimi."

Nikaona mabega ya mume wangu yanapanda. Kisha akapiga kelele. Sijawahi kusikia sauti ile, na nimeishi naye nusu ya maisha yangu. Ndege waliruka kutoka kwenye maboya.

"Hamisheni vizimba! Hamisheni leo! Upepo ukirudi samaki wenu watakufa wote! Mimi ndiye niliyeandika ile karatasi, na ni ya uongo!"

Hakusema upo uwezekano. Hakusema kwa wastani. Mtumbwi uliyumba kweli, nikaukamata kwa kasia, na machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta. Yule bwana mnene alisimama na kamba mkononi. Alimtazama mume wangu, akanitazama mimi, kisha akauliza, kwa upole kabisa, swali ambalo mtu yeyote mwenye akili angeuliza.

"Kuna karatasi ya hayo unayosema?"

Bila shaka mume wangu alikuwa anataka kumweleza kuhusu kamati.

"Hakuna," mdogo wangu akasema. "Kuna mimi."

Bwana yule alimjua. Kila mtu kwenye ghuba alimjua, na alijua kilichokuwa ndani ya nyavu zake siku ile na kwamba sasa zilikuwa tupu. Akamwita mkewe aje ashike upande wa pili wa kamba ya nanga, wakaanza kuifungua.